Jihadhari na viwavi, lakini jihadhari zaidi na dawa yao

Na Daktari Wetu

Mvulana wa miaka sita aliletwa kwangu jioni moja akiwa mgongoni mwa mamaye. Mate yalimtoka kama povu, machozi yakimtiririka, shati limelowa jasho. Mboni za macho zilikuwa zimenywea zikawa kama ncha ya sindano, na kifua kilikoroma kana kwamba kimejaa maji.

"Daktari, tulikuwa tunaua viwavi tu," mama alisema.

Boma lao liko Bomet, katika sehemu za majanichai. Mbele ya nyumba pana mti mkubwa wa kivuli, ule ambao Wakipsigis huuita tebeswet. Baada ya mvua ya masika viwavi wenye manyoya waliuvamia, wakautafuna hadi ukabaki matawi matupu. Kinyesi chao kilinyesha juu ya mabati mchana kutwa, na watoto wakaanza kujikuna. Baba akachukua dawa ya kupe anayowanyunyizia ng'ombe, akaikoroga kali maradufu, akapanda ngazi. Mtoto alikuwa chini ya mti akitazama viwavi wakidondoka, na dawa ikimdondokea yeye pia.

Tulimdunga atropini usiku kucha hadi kifua kikakauka. Alipona. Nakusimulia haya, msomaji, kwa sababu viwavi wale wasingemfikisha mtoto yule mahali pale hata wangemtambaa mwili mzima.

Hii haina maana kwamba kiwavi hana madhara. Baadhi ya viwavi wana vinyweleo vidogo sana, vyenye ncha kama mishale, na vingine hubeba sumu. Vinyweleo hivyo hukatika vikajichoma katika ngozi, au vikapeperushwa na upepo hata kama hukumgusa mdudu mwenyewe. Kamusi zenyewe zinalitambua jambo hili: neno kiwavi humaanisha pia mmea unaowasha. Mwili huwawa, vipele vikatokea shingoni, mikononi na kiunoni, mahali nguo inapobana. Nguo zilizoanikwa chini ya mti kama huo huwasha siku nyingi. Nimewahi kuona familia nzima ikipakwa dawa ya upele wa kuambukizana, kumbe kamba ya nguo ilikuwa imefungwa kwenye mti wenye viwavi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Jijini London, tangu mwaka 2006, wakazi wamesumbuliwa na viwavi wa miti ya mwaloni ambao huwasha ngozi na kubana pumzi. Huko Brazil kuna kiwavi aitwaye Lonomia ambaye sumu yake huzuia damu kuganda na inaweza kuua. Wa kwetu kwa kawaida huishia kwenye mwasho.

Ukiguswa, usisugue, maana kusugua ni kupigilia misumari. Chukua selotepu au plasta, bandika juu ya ngozi kisha bandua, urudie mara kadhaa kwa kipande kipya. Halafu osha kwa maji mengi na sabuni, ubadilishe nguo. Kitambaa cha maji baridi, losheni ya kalamini na vidonge vya kuzuia mzio hutosha kwa wengi. Lakini kinyweleo kikiingia jichoni, suuza kwa maji safi na uende hospitali siku hiyo hiyo, kwani kinaweza kujichimbia ndani. Hali kadhalika kwa yeyote anayepumua kwa shida, anayevimba midomo, au mtoto mchanga aliyemtia kiwavi kinywani.

Sasa turudi kwenye mti. Pengine unasoma haya ukiwa Nairobi au Nakuru, na wazazi wako Sotik wamekupigia simu uwatumie pesa za dawa. Waulize kwanza: mti una afya? Mti mkubwa wenye afya ukiliwa majani mara moja kwa kawaida huchipua tena. Viwavi hula kwa majuma machache, kisha hugeuka kuwa pupa waliotulia na baadaye nondo. Mara nyingi wakati watu wanapotambua kwamba mti umeisha, viwavi nao wako karibu kumaliza kula, na dawa ni hasara tupu.

Matawi ya chini yanaweza kukatwa, na viwavi waliokusanyika shinani wakakwanguliwa na kutumbukizwa katika ndoo ya maji ya sabuni. Anayefanya kazi hiyo avae mikono mirefu, glavu na kitambaa puani. Asiwachome moto, maana moshi na joto hurusha vinyweleo hewani. Ua nao umwagiwe maji kabla ya kufagiwa. Kukiwa na haja ya kunyunyiza kweli, afisa wa kilimo wa kaunti aulizwe kuhusu dawa zitokanazo na bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis. Hizi huua viwavi wanaozila, hasa wakiwa wachanga, wala si sumu kali kwa watu kama ile ya kupe.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni tangi la maji. Katika boma lile, maji ya kunywa yalitoka juu ya mabati yale yale yaliyonyunyiziwa. Mama alinieleza kwamba huyachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi sumu ya dawa. Niliwashauri wamwage maji yote, waoshe tangi na paa, na wasikinge maji hayo ya kuoshea. Na jirani mwenye majanichai anayepakana na mti? Chai ya Kenya kwa kawaida hukuzwa bila dawa ya wadudu, na sidhani angefurahia upepo umletee dawa ya kupe juu ya majani yanayochumwa kesho.

Mtu akilowa dawa, mvue nguo zote mara moja, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia, nawe ukivaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Akiwa ameimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitalini, na chukua chupa yenye kibandiko chake. Mama yule alikuja bila chupa, nasi tukabaki kukisia kwa kutazama mboni za mtoto, huku baba akirudi nyumbani kwa bodaboda kuitafuta gizani.