Lori la Rimoti la Kwanza: Chagua kwa Ardhi, si kwa Kasi

Kwenye boksi la gari la rimoti kuna namba moja inayoandikwa kubwa kuliko jina la gari lenyewe, nayo ni kasi: kilomita 45 kwa saa, 60, hata 70. Namba hiyo ndiyo inayouza. Kwa mtu wa Musoma, Bunda au Butiama anayetafuta lori lake la kwanza, mimi ningeshauri aipite bila kuisoma. Ukiondoa viwanja vya mpira na vipande vya lami, ardhi yetu ni mawe, mchanga na tope jeusi, na gari linalokwenda kilomita 60 juu ya mawe linakimbilia kwa fundi. Lori la kwanza lichaguliwe kwa ardhi, kisha kwa spea, kisha kwa bei.

Nasema lori la hobi, si toi. Toi ni lile la elfu ishirini au thelathini linalojaa madukani Idi na Krismasi zinapokaribia. Likikatika gia moja limekwisha, kwa sababu hakuna anayeuza gia ile peke yake. Gari la hobi limeundwa na mtu aliyejua kwamba litavunjika: kipande kinauzwa peke yake, kinafungwa kwa skrubu, kinafunguliwa. Ukiwa dukani na huna uhakika, usimwulize muuzaji, maana kwake yote ni orijino. Washa rimoti, zungusha usukani robo tu. Matairi ya mbele yakigeuka robo, endelea kulitazama gari hilo. Yakiruka moja kwa moja hadi mwisho, kushoto au kulia bila ya kati, hilo ni toi hata kama limepakwa rangi za magari ya hifadhi. Gusa mafuta taratibu pia. Gari la hobi litatambaa. Kisha ligeuze matairi juu. Ukiona ekseli yenye skrubu zake, springi zinazobonyea na propela shafti inayozunguka kutoka katikati kwenda mbele na nyuma, mazungumzo ya bei yanaweza kuanza.

Sasa ardhi. Butiama ndiko kutamu zaidi kwa mchezo huu, na wengi hawajui. Vilima vyake vya mawe ya granaiti, yaliyolundikana na kuachiana nyufa, ndivyo vile ambavyo wapenzi wa mchezo huu Ulaya na Marekani hujijengea bustanini kwa saruji. (Pale Mwitongo, penye makaburi ya familia ya Mwalimu Nyerere, gari likae kwenye begi.) Musoma nayo ina mawe yake ya pwani ya Ziwa Victoria. Juu ya mawe ya namna hii gari linahitaji mambo matatu: kuvuta kwa matairi yote manne, gia nzito inayolifanya liende mwendo wa mtu anayetembea, na ekseli isiyo na difu.

Hilo la difu linafaa kuelezwa, kwa sababu dereva yeyote wa gari kubwa atashangaa. Kwenye gari la kawaida difu huruhusu tairi la nje lizunguke zaidi ya la ndani wakati wa kukata kona. Ubaya wake unaonekana tairi moja linapoinuka hewani: nguvu yote inakimbilia huko, lile la hewani linazunguka bure na lile lililoshika ardhi linasimama. Malori mengi ya rimoti ya kupanda mawe hayana difu kabisa. Tairi la kulia na la kushoto yamefungwa kwenye chuma kimoja, yanazunguka sawa siku zote. Kwenye lami gari hilo hukata kona vibaya, kama linaloburutwa. Kwenye jiwe, tairi moja likibaki bila pa kukanyaga, lile jingine linaendelea kuvuta.

Bunda ni habari nyingine. Kuelekea Ndabaka na tambarare za Serengeti kuna ule udongo mweusi wa mbuga ambao masika hugeuka gundi. Unajaza matairi, unazunguka ekseli, na mota ndogo inayolazimishwa kusukuma mzigo huo inachemka hadi inanuka. Sina ujanja wa kukupa hapo: subiri kiangazi. Kiangazi nacho huleta vumbi, na kosa linalofanywa sana ni kupaka grisi kwenye gia zilizo wazi. Grisi inashika vumbi, vumbi na grisi vinakuwa msasa. Grisi ni ya gia zilizofunikwa ndani ya ekseli na giaboksi. Za nje ziachwe kavu, zipigwe brashi ya meno.

Mchanga wa ufukweni, kwa mfano Matvilla ya Musoma, unafurahisha macho na kuua mota. Ndani ya mota mna sumaku, na mchanga wenye chembe za chuma hauhitaji kualikwa. Maji ndiyo usiyafikirie kabisa. Mawimbi ya rimoti hizi, ya gigahezi 2.4, hayapiti majini, kwa hiyo gari likizama halikusikii tena. Usimtume mtoto kulifuata. Ziwa lina mamba na viboko, na lori la laki mbili si sababu.

Kwa ardhi hii, yapo malori yapi? Hadithi ndefu ya malori haya inaanzia Shizuoka, Japani, kwa kampuni ya Tamiya, iliyotoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, Porsche 934. Mwaka 1981 ikatoa Toyota Hilux ya rimoti yenye giaboksi ya gia tatu, na mwaka 1985 ikafuata Bruiser, nayo Hilux. Bei za Tamiya si za bajeti tunayoizungumzia. Lakini wazo la pikapu inayofanana na ile ya barabarani ndilo lililochukuliwa na viwanda vya China vya WPL na MN, na hapo ndipo mfuko wa kawaida unapoweza kufika.

WPL C24 ni pikapu ya umbo la Hilux, ukubwa wa moja kwa kumi na sita ya gari halisi, inavuta kwa matairi manne, na mtandaoni inakoagizwa bei yake ni kati ya dola 35 na 50. MN wanatengeneza kubwa zaidi, za moja kwa kumi na mbili: D90 yenye umbo la Land Rover Defender, na MN82 yenye umbo la Land Cruiser 79, ile pikapu ambayo mtu wa Bunda huiona ikielekea porini kila siku. Hizo ni kama dola 60 hadi 80. Zote ni za mwendo wa polepole.

WPL hao hao wana D12, ambayo ni Suzuki Carry, yaani kirikuu. Ni nzuri mno, na najua itawavuta wengi kwa sura tu. Inavuta kwa matairi ya nyuma peke yake, tumbo liko chini. Ni gari la sakafu na lami. Iwe gari lako la pili.

Wapo watakaosisitiza kasi. Kwa hao, WLtoys 144001 ina chasisi ya bati la metali, mota ya ukubwa wa 550 na dai la kiwanda la kilomita 60 kwa saa, kwa dola 100 na zaidi kidogo. Inahitaji uwanja mtupu uliokauka, na watu wazima wanaoelewa kwamba kitu hicho kikimpiga mtoto mguuni ni ajali. Traxxas Slash ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 2008, ni lori imara lenye spea nyingi kuliko karibu magari yote ya aina yake, ila linapita dola 200 kabla halijapanda ndege. Kama una ndugu Marekani anayekuuliza akuletee nini, hapo sawa. Mwambie asome nyuma ya chaja kwanza: ikiwa haikuandikwa 100–240V, ni ya umeme wa Marekani wa volti 120, na yetu ni 230. Itaungua mara ya kwanza.

Turudi kwenye C24 na ndugu zake, tuone kinachovunjika. Geuza gari, fungua skrubu za kifuniko cha ekseli ya nyuma. Ndani mna gia mbili: ndogo inayotoka kwenye propela, na kubwa ya duara iliyovaa kwenye ekseli. Kwenye matoleo mengi ya bei nafuu ni za plastiki. Gari likinasa kati ya mawe mawili na wewe ukaendelea kukanyaga mafuta, meno ya ile ndogo yanakatika yakifuatana. Dalili yake ni mlio wa tik-tik-tik na tairi lililosimama wakati mota inazunguka. Seti ya gia za chuma ni dola chache, na ndiyo spea ya kwanza kununua, pamoja na gari, kwenye oda moja. Ukisubiri ivunjike, utalipia usafiri mara mbili na kukaa wiki kadhaa ukitazama boksi. Ongeza na beringi, maana vibushi vya plastiki vinavyokuja na gari huliwa na vumbi.

Kuna udhaifu mwingine usioonekana dukani. Kwenye magari haya kipokea mawimbi na kidhibiti mota vimewekwa kwenye bodi moja, na mota ya usukani katika matoleo mengi ina waya tano badala ya tatu zilizozoeleka. Mota hiyo ikiungua, huwezi kuchomeka ya kampuni nyingine bila kubadili bodi nzima. Kwa anayeanza si tatizo kubwa, lakini ajue. Fundi wa simu au redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuchomelea waya zilizokatika. Bodi iliyoungua ataitazama tu.

Baadhi ya maboresho yako mtaani kwetu. Matairi ya bei nafuu ni matupu ndani na yanajikunja kwenye jiwe. Kipande cha sponji ya godoro kilichokatwa vizuri kinayapa umbo. Gari likipinduka sana, uzito uko juu. Chubwi za risasi wanazotumia wavuvi, zikifungwa chini karibu na ekseli ya mbele, huligeuza gari tabia. Risasi ni sumu, kwa hiyo funga wewe, nawa mikono, na usimwachie mtoto azichezee. Vijana waliokua wakiunda magari ya waya yenye matairi ya kandambili hawahitaji kufundishwa haya. Ndio wanaonifundisha mimi.

Betri ndiyo sehemu ninayoomba isomwe mara mbili. Zile za litiamu zina volti 3.7 kwa seli. Mbili zikiunganishwa ni 7.4. Seli iliyojaa ina volti 4.2, na ikishuka chini ya 3 inaanza kufa. Magari mengi ya bei hii hayajizimi yenyewe, hivyo mwendo ukilegea, simamisha, chomoa. Usichaji ukiwa umelala wala juu ya kitanda. Weka kwenye sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, mbali na pazia. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inaendesha. Jambo zuri ni kwamba chaja ndogo zinazokuja na magari haya nyingi ni za USB, kwa hiyo umeme ukikatika, sola ya nyumbani yenye tundu la simu inatosha.

Wapo mafundi wanaofunga seli za kompyuta mpakato zilizotumika. Kwenye lori la polepole, kwa seli mbili zilizopimwa na zenye bodi ya ulinzi, inawezekana. Kwenye 144001 usithubutu. Mota yake inadai umeme mwingi kuliko seli hizo zinavyoweza kutoa.

Agiza betri ya pili pamoja na gari, kwa sababu ya ndege. Tangu Aprili 2016 betri za litiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria duniani kote, na mawakala wengi wa mizigo huzikataa au huzitoza zaidi. Zilizo ndani ya boksi la gari hupata njia kwa urahisi zaidi.

Piga hesabu ya kufikia Musoma, usipige ya kwenye skrini. Tuseme gari na usafiri vimefika bandarini kwa shilingi 200,000. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa asilimia 25, hiyo ni 50,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ya 250,000, nayo ni 45,000. Umefika 295,000, bado tozo ndogo na nauli ya basi kutoka Dar es Salaam. Mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi hutoza kwa kilo, na baadhi hujumlisha kodi humo. Uliza swali hilo kwanza kabla ya kuuliza bei.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye laki tatu na nusu mkononi anunue MN82, gia za chuma na betri moja ya ziada, akaendeshe kwenye mawe. Mwenye laki mbili achukue C24 na gia zake. Asiyefika hapo asinunue toi la elfu hamsini kwa kujifariji. Aendelee kuweka akiba miezi miwili zaidi.