Homa ya Kwanza Haisahauliki

Si ajabu, mjini Isiolo, kukuta mzee ambaye kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari. Karani alitaka tarehe. Mzee alikuwa na tukio tu. Mwulize Mborana, atakwambia alizaliwa wakati wa Gaafa Daaba, miaka ya vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu na mifugo yao walipofungiwa kambini. Kwa karani hilo ni jibu nusu. Mtaalamu wa kinga ya mwili angelipokea kwa mikono miwili.

Kirusi cha kwanza cha influenza kumpata mtoto huacha alama ambayo mwili hauiachi hadi uzeeni. Mwaka 1960 Mmarekani Thomas Francis aliliita jambo hili dhambi ya asili: kila homa mpya ikija, mwili hukimbilia kutengeneza kingamwili za ile ya zamani. Waliozaliwa miaka ya kabla ya 1957 walianza na H1N1. Kati ya 1957 na 1968 iliyovuma duniani ilikuwa H2N2, kisha H3N2 ikazuka Hong Kong. Mtoto wa Daaba, basi, huenda amebeba kumbukumbu ya H2N2. (Huenda, kwa sababu manyatta iliyo mbali na barabara ingeweza kupitwa na wimbi moja au mawili.) H1 na H2 ni wa ukoo mmoja, H3 ni ukoo mwingine kabisa. Ndiyo maana mwaka 2009, H1N1 mpya ilipoenea duniani, wazee waliambukizwa mara chache kuliko vijana: walishamjua jamaa yake. Misimu ya H3N2 ndiyo huwaelemea, na watafiti wanaona alama hiyo ya utotoni ni sehemu ya sababu.

Sehemu nyingine ni umri wenyewe. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ya thaimasi, ambako seli T hufundwa kama vijana jandoni. Tezi hiyo husinyaa tangu ujana na nafasi yake kujaa mafuta. Mtu akifika miaka 70, jando limebaki na wari wachache mno, na kazi imeachiwa seli kongwe zinazowajua maadui wa zamani tu. Na homa yenyewe haiishii mapafuni. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2018 uligundua kuwa katika wiki moja baada ya influenza kuthibitishwa, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda takriban mara sita. Tunaposema mzee "alikuwa na homa tu, kisha moyo ukasimama", pengine tunasimulia ugonjwa mmoja.

Chanjo nayo hukumbana na mwili huohuo. Katika mwaka ambao imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza ugonjwa kwa asilimia 40 hadi 60, na kwa wazee mara nyingi chini ya hapo. Watengenezaji walijibu kwa kuongeza sauti: dozi ya kawaida ina maikrogramu 15 za protini ya kila kirusi, ya wazee ina 60. Jaribio la watu wa miaka 65 na zaidi, lililochapishwa 2014, lilionyesha dozi hiyo kubwa inakinga kwa asilimia 24 zaidi ya ile ya kawaida.

Ichomwe lini, basi? Shirika la Afya Duniani huchagua virusi vya chanjo Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini, likifuata majira ya baridi. Ikweta inapita Nanyuki, kwa hiyo Isiolo ni kaskazini kwa kipimo cha ramani. Lakini influenza ya Kenya huzunguka karibu mwaka mzima, na hupanda basi pamoja na maziwa ya ngamia yanayokwenda Eastleigh. Kinga huchukua wiki mbili kujengeka na hufifia baada ya miezi. Mimi ningechomwa iliyo mpya zaidi kwenye friji.

Ila katika ratiba ya kawaida ya chanjo nchini, mzee hayumo. Mwaka 2016 KENITAG, kamati inayoishauri serikali, ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23, na hata hao bado wanasubiri. Pendekezo hilo lingewafaa wazee pia, kwa kuwa mtoto akikingwa, homa hupungua nyumbani. Japani ilianza kuchanja watoto wa shule 1962. Ilipolegeza sheria 1987 na kuacha 1994, vifo vya wazee wakati wa baridi vilipanda. Na huku Isiolo mjukuu analala kitanda kimoja na bibi yake, uso kwa uso, anakohoa usiku kucha.