Amplifaya yako inanguruma? Sikiliza kwanza kabla hujakata waya

Umeunganisha kila kitu. Spika ziko sawa, boksi umelipaka rangi nyeusi, mabeshte wamejaa kwa keja wakingoja ngoma. Unawasha stima. Kabla hata hujacheza wimbo, spika zinaanza: mmmmmmm. Mmoja anacheka, "Manze, hiyo ni amplifaya ama ni mashine ya kusaga unga?"

Kama umewahi kujiundia amplifaya kwa vipuri vya Luthuli Avenue, unaujua mngurumo huo. Mimi niliacha kozi ya umeme chuoni karo iliponilemea, nikaanza kuunda na kukodisha vyombo vya muziki mtaani. Mngurumo ulinikosesha wateja. Siku moja nusura ukatishe maisha ya mtu, na nitakusimulia hilo baadaye.

Kwanza, jua unatoka wapi. Stima yetu ni ya volti 240, na hubadilisha mwelekeo huku na huku mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Ndani ya amplifaya, transfoma huishusha, kisha daiodi nne huigeuza iende upande mmoja. Hapo mawimbi 50 huwa vilima 100 kwa sekunde. Kwa hivyo kuna ngurumo mbili, na kila moja ina mlango wake.

Unazitofautishaje? Tafuta rafiki anayepiga gita la besi, mwambie apige ule waya mwembamba, G, bila kuubana. Huo ni hezi 98. Kama mngurumo wako unakaribiana nao na una ukali fulani, mara nyingi shida ni sehemu ya kusafisha umeme. Kama umeshuka oktavu nzima na ni laini, shuku transfoma iliyo karibu mno na waya za sauti, au jinsi vyombo vyako vilivyounganishwa.

Sasa fanya majaribio matatu ambayo hayakugharimu hata bob. La kwanza, shusha sauti hadi sufuri. Kama mngurumo haujabadilika, unaingilia baada ya kile kirungu cha sauti, kwa hivyo achana na kebo ya simu na uangalie umeme. La pili, kama mngurumo hupanda na kushuka pamoja na sauti, chomoa kebo ya kuingizia muziki. Ukipotea, shida iko kwa kebo au kwa kifaa kilicho upande wa pili. La tatu, kama unacheza muziki kutoka kwa laptopu, chomoa chaja uitumie kwa betri. Kukiwa kimya, umempata mshukiwa.

Tuseme ni umeme. Kapasita kubwa iliyo baada ya daiodi ndiyo hujaza mabonde katikati ya vile vilima. Amplifaya ikivuta ampea 1, kapasita ya mikrofaradi 2,200 huacha mawimbi ya takriban volti 4.5. Weka ya 4,700 na yatashuka hadi volti 2 na kitu. Kwa 10,000 yanabaki kama volti 1. Lakini soma volti zake kabla ya kununua. Transfoma ya volti 12 hutoa karibu volti 17 baada ya daiodi na kapasita, kwa hivyo ile ya volti 16 haifai. Chukua ya 25. Usigeuze chanya na hasi, itapasuka. Na ukizima stima, ngoja kapasita iishiwe na chaji kabla hujaigusa.

Umebadilisha kapasita na bado inanguruma? Angalia graundi, yaani ile sufuri ya sakiti yako. Makosa ya wengi wetu ni kuunganisha graundi za kila sehemu kwa mnyororo. Mkondo mzito unaojaza kapasita hupita kwenye waya uleule unaobeba graundi ya sauti, na spika zinausikia. Dawa ni kuleta kila graundi kwa waya wake hadi sehemu moja, karibu na mguu hasi wa kapasita kubwa. Kisha sokota pamoja zile waya mbili zinazotoka kwa transfoma, ili sumaku zao zimezane. Peleka transfoma mbali na mlango wa sauti, au igeuze kidogo kidogo huku ukisikiliza. Kebo ya sauti iwe ile yenye nyuzi za shaba zilizoizunguka.

Kuna watakaokushauri uchuje masafa yote ya chini. Mngurumo utapungua kweli, lakini besi nayo itaenda. Nani mtaani atakodisha wufa isiyo na besi?

Sasa turudi kwa ile stori. Nilikuwa na kazi kwenye ukumbi mmoja. Amplifaya ilichomekwa upande mmoja, miksa na laptopu upande wa pili. Vyote vilikuwa na waya wa ardhi, na kebo ya sauti ikaviunganisha tena, ukawa mduara unaozungusha mkondo wa hezi 50. Mngurumo ulijaa ukumbi. Jamaa aliyenizidi uzoefu akaniambia, "Fungua plagi, ng'oa ule waya wa kijani na manjano." Nikang'oa. Kimya kabisa. Watu wakapiga makofi.

Wiki mbili baadaye, kazi nyingine, nje, nyasi zikiwa na umande. Maikrofoni ilichomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya. Waya wa moto ulikuwa umelegea ndani na kugusa boksi la chuma. Kama waya wa ardhi ungekuwepo, fyuzi ingelipuka na mambo yaishie hapo. Haukuwepo. Stima ilipita kwenye boksi, ikafuata kebo, ikamngoja mwimbaji. Alikuwa miguu mitupu. Alipoishika maikrofoni, vidole vilikakamaa na hakuweza kuiachilia. Aliyemwokoa ni kijana aliyekimbia kuchomoa plagi. Alipona, lakini kovu la kiganjani lipo hadi leo, na mimi najua nani alilichora.

Dawa halali ya mduara ule ilikuwepo. Ungechomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, mduara unakuwa mdogo na mara nyingi mngurumo unakwisha. Ukigoma, kuna vitransfoma vidogo vya sauti vinavyokaa kati ya miksa na amplifaya. Sauti hupita kwa sumaku, bila waya kuunganisha pande mbili. Nilikuwa naviona dukani, nikadhani ni gharama ya bure.

Siku hizi kabla ya kila kazi, chombo kikiwa kimechomolewa, naweka ncha moja ya mita kwenye pini ndefu ya plagi na nyingine kwenye boksi la chuma. Isiposoma karibu na sufuri, chombo hakitoki nyumbani, hata kama mteja ameshalipa. Nawe ukiwa na amplifaya ya boksi la chuma, ipime leo.