Je, Wajua? Radi za mbali husaidia kutafuta mvuke Olkaria

Huko Olkaria, Kenya, watafutaji wa jotoardhi hutumia vipokezi vinavyonasa mawimbi ya asili ya sumakuumeme, yatokanayo na radi za mbali na misukosuko ya jua. Mawimbi hayo ni hafifu mno, kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye jembe.

Koili za kupima sumaku huelekezwa kwa dira, husawazishwa kwa pimamaji, kisha hufukiwa. Elektrodi hukalishwa kwenye tope la chumvi ili zishikane na udongo. Nyaya nazo hulazwa chini na kufunikwa: upepo ukizitikisa tu, data huchafuka.

Gari? Liegeshwe mbali, lisivuruge vipimo.

Kipokezi huachwa usiku kucha, maana mawimbi marefu, yaletayo habari za kina kirefu, huhitaji saa nyingi kurekodiwa.