Tusi Lisilo na Jibu

Kila mwaka baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti hivi, Wasukuma huenda uwanjani kutukanana. Makundi mawili ya ngoma hupiga kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na kila manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hujisifu kwa dawa zake huku akimdhihaki mpinzani kwa nyimbo alizozitunga kwa kazi hiyo tu. Watazamaji huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kundi litakalobaki na watu wengi ndilo lililoshinda. Ushindani huu wa makundi ya Bagika na Bagalu una umri wa zaidi ya karne moja. Asili yake inahusishwa na mafundi wawili wa ngoma wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, ambako Padri David Clement kutoka Kanada aliasisi Makumbusho ya Wasukuma, ngoma hizo bado huchezwa wakati wa sherehe za Bulabo.

Manju aliyedhihakiwa hanyamazi. Anarudi kwao kutunga. Kama maneno makali peke yake yangetosha kuua ubunifu, Usukuma ungekuwa umekosa nyimbo zamani sana.

Lakini katika jiji hilohilo kuna maneno ya aina nyingine, na haya yamepimwa. Utafiti uitwao MAISHA, uliofanywa na watafiti wa Mwanza wakishirikiana na Chuo cha Afya na Tiba ya Kitropiki cha London, uliwahoji wanawake 1,049 waliokuwa katika vikundi vya mikopo midogo. Matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 2017. Asilimia 39 walisema kwamba katika miezi 12 iliyotangulia wenzi wao waliwatendea ukatili wa kihisia, na asilimia 63 walisema wenzi hao waliwadhibiti: kumzuia mtu kuonana na rafiki zake, kutaka kujua kila dakika yuko wapi, kumkasirikia akizungumza na mwanamume mwingine. Ukatili wa kihisia katika dodoso za namna hii hauna fumbo. Je, amekutukana au kukufanya ujione hufai? Amekudhalilisha mbele za watu? Amekutisha makusudi? Ametishia kukuumiza?

Wanawake hao hawakuchaguliwa kwa sababu ni wasanii. Lakini ubunifu si mali ya wenye albamu tu. Anayebuni mshono mpya, anayesuka mtindo ambao mtaa mzima utauiga wiki ijayo, anayetunga wimbo wa kwaya jikoni huku akikaanga sato, wote wanatumia uwezo uleule wa akili. Na wote wanaweza kuambiwa: huna lolote, unajifanya nani, nani atasikiliza hiyo sauti yako?

Uwezo huo umechunguzwa vizuri, na mfano ninaoupenda unatoka kwa wachanaji. Mwaka 2012 Siyuan Liu, Allen Braun na wenzao nchini Marekani waliwalaza wachanaji 12 ndani ya mashine ya MRI. Kwanza waliwataka waghani mistari waliyoikariri, kisha wachane mitindo huru juu ya mdundo uleule. Walipokuwa wakibuni papo kwa papo, sehemu ya katikati ya mbele ya ubongo, inayohusika na nia na msukumo wa mtu mwenyewe, iliongeza kazi. Sehemu za pembeni, zinazohusika na kujikagua na kujizuia, zilipunguza kazi. Miaka minne kabla, Braun na Charles Limb walikuwa wameona jambo linalofanana na hilo kwa wapiga piano wa jazi. Mwanza, mji aliotokea mchanaji Fid Q, hauhitaji mashine ya mamilioni kujua kwamba mchanaji anayejihukumu kila silabi hamalizi mstari. Ila ni vizuri kuona jambo hilo likitokea ndani ya fuvu.

Hapa naunganisha mambo mawili kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu anayeishi na mwenzi au mzazi ambaye kila neno lake ni kosa hana nafasi ya kupumzisha ule ukaguzi. Lazima apime kila sentensi kabla haijatoka: itapokewaje, ataninunia, atanitukana mbele ya wageni? Kwa usalama wake amefanya jambo la busara. Kwa utunzi wake, ameiwasha ile sehemu ya ubongo inayotakiwa kupoa.

Je, maneno huacha alama kwenye ubongo wenyewe? Martin Teicher na wenzake wa Hospitali ya McLean, Massachusetts, walichunguza vijana ambao utotoni walitukanwa sana na wazazi wao bila kupitia ukatili wa aina nyingine. Mwaka 2009 waliripoti kwamba vijana hao walikuwa na tofauti katika njia za neva, mojawapo ikiwa ile inayounganisha maeneo ya kuelewa lugha na ya kuitamka. Mwaka 2011 wakaripoti tofauti nyingine katika eneo la ubongo linalochakata sauti na maneno. Picha za namna hii hupigwa mara moja tu, mtu akiwa ameshakua, kwa hiyo haziwezi kuthibitisha kwamba matusi ndiyo yaliyosababisha. Zinaonyesha mahali pa kutazama. Hapa Tanzania uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba takriban robo ya vijana walikuwa wametendewa ukatili wa kihisia na mtu mzima kabla ya kufikisha miaka 18. Robo ya darasa lolote ni watu wengi.

Jaribio lililokaribia kuonyesha chanzo chenyewe lilifanywa mwaka 1939, na halipaswi kurudiwa na mtu yeyote. Katika jimbo la Iowa, mwanafunzi Mary Tudor, akisimamiwa na profesa wake Wendell Johnson, alikwenda kwenye kituo cha yatima mjini Davenport na kufanya majaribio kwa watoto 22. Aliwachagua sita waliokuwa wakizungumza vizuri kabisa. Hao aliwaambia wana dalili za kigugumizi, wajizuie, wasizungumze mpaka waweze kutamka sawasawa. Miezi michache ilitosha. Baadhi yao walianza kukwepa kuzungumza, wakajibu kwa neno mojamoja, wakaona aibu. Wataalamu waliozipitia takwimu hizo baadaye walisema watoto hawakupata kigugumizi halisi. Ulimi ulibaki mzima; kilichopungua ni kuthubutu kuutumia. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001, na mwaka 2007 jimbo lilikubali kulipa dola 925,000 kumaliza kesi.

Kwa watu wazima dozi ndogo zaidi hufanya kazi. Christine Porath na Amir Erez walichapisha mwaka 2007 majaribio ambamo wanafunzi walikutana na ukorofi wa dakika chache tu: msimamizi anayewakashifu, au mtu mwenye cheo anayewafokea njiani. Baadaye waliombwa kutaja matumizi mengi kadiri wawezavyo ya tofali. Waliokashifiwa walitaja machache, na yakiwa na ubunifu mdogo, kuliko ambao hawakukashifiwa. Miaka miwili baadaye watafiti haohao walionyesha kwamba hata waliosimama pembeni, wakimwona mwingine akitukanwa, walifanya vibaya. Mtoto anayesikia mama yake akiitwa mjinga kila jioni huenda asiguswe hata mara moja, na bado akawa kwenye jaribio.

Sasa mrudishe manju kwenye picha. Yule mwanafunzi wa Porath alitukanwa na mtu aliye juu yake, bila kutarajia, na hakupewa nafasi ya kurudisha. Yatima wa Davenport hawakuwa na mtu mzima wa kumwambia Tudor kwamba anakosea. Manju anajua siku ya kutukanwa, anajua mpinzani wake ni manju kama yeye, nyuma yake limesimama kundi zima la Bagika au Bagalu, na zamu yake inakuja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti inayobeba uzito, kuliko ukali wa maneno yenyewe. Mume anayemdhibiti mkewe anavunja kwanza vitu hivyo: rafiki, ndugu, ruhusa ya kutoka, hadhira. Tusi linakuja baada ya njia za kujibu kuzibwa. Ndiyo maana zile asilimia 63 za udhibiti zinanitia wasiwasi kuliko zile 39.

Kupuuzwa nako si kitu kilekile. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na hakupata mchapishaji. Alihimizwa na Padri Almas Simard, kisha miaka mingi baadaye na wanandoa Gerald na Charlotte Hartwig, akaitafsiri mwenyewe yote kwa Kiswahili. Ilitoka mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Mzee huyo alinyimwa wasomaji kwa miaka 35, na bado aliendelea kushika kalamu. Mtu mmoja hathibitishi kanuni, ila ni vigumu kutoona kwamba katika miaka hiyo hakukosa mtu wa kumwambia kazi yake ina thamani.

MAISHA haikuishia kuhesabu. Nusu ya vikundi vilipewa vikao kumi vya mazungumzo kuhusu mahusiano, mamlaka na haki, na miaka miwili hivi baadaye kipigo kiliripotiwa kidogo zaidi kwa wanawake wa vikundi hivyo. Dodoso hizo ziliundwa kupima ukatili na afya, si utunzi. Lakini jaribio la tofali linahitaji karatasi, kalamu na dakika chache, na Mwanza tayari ina watafiti, vikundi na takwimu za kuanzia. Mtu angeweza kulifanya kabla ya kikao cha kwanza na kulirudia baada ya kile cha kumi, kisha tena mwaka mmoja baadaye, na kuongeza swali moja kwa kila mwanamke: mara ya mwisho ulipotunga, kushona au kuimba kitu ambacho hukutumwa, ilikuwa lini, na nani alikuwa nyumbani?