Kwa Nini Mshale wa Oili Huchelewa Kupanda?

Munisagara ni kituo cha reli ya kati katika bonde la mto Mkondoa, magharibi ya mji wa Kilosa. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Treni inaposimama katika bonde kama hilo, mzigo huliangukia lori, na lori la mashambani mara nyingi ni kuukuu. Injini yake ikinoki wakati wa mavuno, mahindi hubaki yakingoja, na gharama ya matengenezo yaweza kumshinda mwenye gari. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Ni nadra injini kufa bila kutoa onyo.

Onyo lenyewe huwa hivi. Alfajiri lori linawashwa. Injini inagonga kwa sekunde kadhaa, na mshale wa geji ya oili umelala kwenye sifuri. Kisha mshale unapanda polepole na kelele inapungua. Mtu mmoja husema pampu imekufa. Mwingine hushauri itiwe oili nzito zaidi. Yamkini wote wawili wamekosea, kwa kuwa hawakujiuliza kwanza geji hiyo inapima nini.

Geji hupima nini?

Geji haipimi wingi wa oili iliyomo katika injini. Hupima kanieneo, yaani presha, nayo hutokea pale oili inayosukumwa na pampu inapokutana na ukinzani. Ukinzani mkubwa umo katika mianya myembamba kati ya krenki na beringi zake. Katika injini nzima mwanya huo ni kiasi cha sehemu 5 za mia za milimita, pungufu ya unene wa unywele.

Hapo pana kanuni ya kukumbukwa. Kanieneo na mnato visipobadilika, mwanya ukiongezeka mara 2, oili inayopita huongezeka mara 8, yaani 2 × 2 × 2. Ndiyo maana beringi iliyolika kidogo tu huvujisha oili nyingi, na pampu nzima kabisa ikashindwa kuupandisha mshale.

Kazi ya oili katika beringi ilidhihirika Uingereza mwaka 1883. Mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi, na ekseli ilipozunguka oili ilifoka. Alipoliziba, kizibo kilisukumwa nje. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza sababu kwa hesabu: mzunguko wenyewe huivuta oili ndani ya mwanya na kuifanya utando unaobeba mzigo, hata chuma kisigusane na chuma. Utando huo hauwezi kujengeka kabla oili haijafika. Kila sekunde ya kuchelewa ni sekunde ya msuguano.

Kuichunguza injini bila kuifungua

Fundi mwangalifu huanza na mambo mepesi. Hutazama kijiti cha kupimia oili. Oili nyepesi yenye harufu ya dizeli imechanganyika na mafuta. Iliyo kama maziwa imeingiwa na maji. Kisha hufunga geji nyingine ambayo ni nzima, kwani huenda geji ya gari ndiyo inayosema uongo. Kwa injini nyingi za zamani, makadirio ya mafundi ni paundi 10 kwa kila inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya krenki kwa dakika, injini ikiwa imepata moto. Kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho.

Baada ya hapo husikiliza. Ncha ya bisibisi ndefu huwekwa juu ya injini na mpini wake sikioni, mbali na feni na mikanda, na chuma hupeleka sauti kama kifaa cha daktari.

Kelele inayosikika asubuhi tu, ikatoweka mara mshale unapopanda, huonyesha kwamba oili ilirudi chini usiku. Mara nyingi vali ndogo ya filta haifungi, au filta si ya aina yake. Kichujio cha pampu kilichoziba kwa tope la oili nacho huchelewesha.

Mlio mwepesi kutoka juu, ulio nusu ya kasi ya krenki, ni wa tapeti. Katika injini ya mipigo minne kila vali hufunguka mara 1 kwa mizunguko 2 ya krenki.

Mgongo mzito kutoka chini, injini ikiwa na moto na mshale ukishuka, ni wa kuogopwa. Fundi hukata mafuta ya silinda moja baada ya nyingine; mlio ukififia, beringi ya mkono wa pistoni ya silinda hiyo ndiyo inayoshukiwa. Kazi hii si ya mwanafunzi, kwani dizeli itokayo kwa nguvu yaweza kupenya ngozi. Filta ikipasuliwa ikakutwa na chembe zinazong'aa, gari lisimamishwe. Beringi zikibadilishwa mapema, huenda krenki ikasalimika.

Oili nzito je? Huupandisha mshale kwa kuongeza ukinzani, lakini mwanya hubaki ulivyo, na asubuhi oili hiyo huchelewa zaidi kufika. Homa imefichwa, ugonjwa haujatibiwa.

Jaribio la darasani

Chukua mafuta ya kupikia yaliyopoa na mengine, ya kiasi kilekile, yaliyopashwa moto ndani ya maji ya uvuguvugu. Pitisha kila moja katika faneli yenye tundu dogo, na pima muda kwa saa. Kisha rudia kwa faneli yenye tundu kubwa zaidi. Andika matokeo katika jedwali, na eleza ni lipi kati ya hayo linalofanana na injini asubuhi, na ni lipi linalofanana na beringi iliyolika.