Nepi za vitambaa: kuzifua kwa maji machache na kumkinga mtoto asiungue

Mtoto mchanga huchafua nepi nane hadi kumi na mbili kwa siku. Mahali ambapo maji hutoka bombani usiku na mchana, hesabu hiyo haimnyimi mtu usingizi. Lakini katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na Goma, ambako maji hununuliwa kwa dumu la lita 20 au hubebwa kichwani kutoka mbali, rundo la nepi ndilo linaloamua nani ndani ya nyumba ataoga leo na nani atasubiri hadi kesho.

Familia nyingi hutafuta nafuu kwa kupunguza maji ya kusuuza. Sabuni imekwisha kutoa uchafu, nguo inaonekana nyeupe, inanukia vizuri. Ya nini kumwaga dumu jingine? Siku chache baadaye ngozi ya mtoto kwenye matako na mapaja hugeuka nyekundu, na kila anapokojoa hulia. Ndiyo hali ambayo wengi huieleza kwa kusema mtoto ameungua na nepi.

Makala haya yanaeleza kwa nini ngozi huungua, na jinsi ya kuyatumia maji machache yaliyopo ili nepi za kitambaa, au winda kama wanavyoziita baadhi ya watu wa pwani, zisiwe chanzo cha maradhi.

Kinachoiunguza ngozi

Kwa muda mrefu lawama zote zilikwenda kwa amonia, ile harufu kali inayompiga mtu puani anapofungua nepi ya asubuhi. Mwaka 1921 daktari J. V. Cooke wa St. Louis, Marekani, alieleza kwamba kuna bakteria kwenye kinyesi wanaougeuza mkojo kuwa amonia, na maelezo yake yalikubaliwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Katika miaka ya 1970 watafiti walipowapima watoto wenye vipele vya nepi na wasiokuwa navyo, hawakuona tofauti ya maana katika kiasi cha amonia. Ndipo katika miaka ya 1980 picha kamili ilipoanza kujitokeza.

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni kinga. Mkojo unapochanganyika na kinyesi, amonia inayotokea hupunguza uchachu huo. Hapo vimeng'enya vilivyomo kwenye kinyesi, vilevile vinavyoyeyusha protini na mafuta ndani ya utumbo, hupata nguvu na kuanza kuila ngozi yenyewe. Ngozi iliyokwisha kulowa kwa saa kadhaa ni laini na huchubuka upesi kwa msuguano wa kitambaa. Amonia, kwa hiyo, ni mfungua mlango tu.

Sabuni nayo ina nafasi yake katika kisa hiki. Sabuni ya kipande kwa asili yake hupunguza uchachu wa ngozi kama ifanyavyo amonia. Ikibaki kwenye nyuzi za nepi, kila mtoto anapokojoa huyeyuka na kumrudia mwilini. Nepi iliyofuliwa kwa sabuni nyingi na kusuuzwa mara moja inaweza kumdhuru mtoto kuliko ile yenye doa la manjano lililogoma kutoka. Doa halina madhara, ingawa si rahisi kumshawishi mama mkwe juu ya jambo hilo.

Hesabu ya maji

Kazi huanza chooni. Kinyesi kikung'utwe au kikwanguliwe na kutupwa ndani ya choo kabla nepi haijaguswa na maji. Wapo wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga si najisi kama cha mtu mzima. Kwa upande wa afya hilo si kweli: kinaweza kubeba vijidudu vya kuhara, na anayeosha nepi lazima anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au kumnyonyesha mtoto.

Kisha nepi ziloweke katika maji ya baridi. Maji ya moto yakitangulia huigandisha protini ya kinyesi kwenye nyuzi, na doa halitoki tena. Hapa hakuna haja ya maji mapya: maji ya suuzo la mwisho la jana yanatosha. Baada ya kulowekea, yamwagwe chooni, mbali na kisima na mbali na mboga.

Baada ya hapo ndipo sabuni inapoingia, kidogo, katika maji ya moto kadiri mikono inavyoweza kuvumilia. Lita 8 zinatosha kwa nepi kumi za vipande vya kanga kuukuu. Nepi za kitambaa cha taulo hunywa maji zaidi, na kwa nyumba yenye maji ya taabu ningependekeza kanga: ni pamba, hukunjwa mara nyingi ikawa nene, lakini ikikunjuliwa huwa nyepesi, hufuliwa upesi na kukauka upesi.

Halafu ni kusuuza, na hapa ndipo maji machache yanapoweza kufanya kazi ya maji mengi. Tuchukulie kwamba nepi kumi zilizokwisha kukamuliwa bado zimeshika lita 2 za maji ya sabuni, na kwamba mfuaji ana lita 18 za kusuuzia. Akizimimina zote kwa mkupuo mmoja, sabuni itaenea katika lita 20. Akikamua, nepi zitabaki na lita 2, yaani sehemu moja kwa kumi ya sabuni yote. Lakini akizigawa lita hizohizo mara tatu, lita 6 kila mara, na kukamua sawasawa baada ya kila suuzo, la kwanza litaacha robo ya sabuni, la pili robo ya robo, na la tatu sehemu moja kati ya 64. Maji hayakuongezeka hata tone. Kilichoongezeka ni kukamua, na kwa kazi hiyo mikono ya baba ina nguvu zaidi.

Kwa jumla, maji mapya yaliyotumika ni takriban lita 26. Kipimo cha kujua kama yametosha ni chepesi: maji ya suuzo la mwisho yasiwe na povu wala utelezi vidoleni.

Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika miamba ya matumbawe, na maji yake huwa na chokaa. Sabuni ya kipande haitoi povu humo. Badala yake hufanya utando mweupe unaoshika kwenye kitambaa, hadi nepi ikawa ngumu kama gamba na isiyonyonya. Anayeishi sehemu kama hiyo na akinge maji ya mvua kwa ajili ya nepi pale anapoweza, au atumie sabuni ya unga kwa kipimo kidogo. Kijiko cha siki katika suuzo la mwisho husaidia kuondoa utando huo. Lakini siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwa sababu mchanganyiko wao hutoa gesi ya sumu.

Dawa zisizohitajika

Watu wengi hudhani kwamba nepi salama ni ile iliyotiwa dawa ya kuua vijidudu. Mwaka 1967, katika mji uleule wa St. Louis, watoto wachanga katika wodi ya hospitali moja waliugua ghafla. Walitokwa na jasho jingi na kupumua kwa kasi, na wawili kati yao walifariki. Chanzo kilipatikana kwenye chumba cha kufulia: kemikali yenye pentaklorofenoli iliyokuwa ikitiwa katika suuzo la mwisho la nepi na shuka. Ilibaki kwenye vitambaa na kupenya ngozi za watoto.

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na chini ya nepi yenye unyevu hupitisha mambo mengi. Kwa nepi za kawaida, sabuni, maji ya moto na jua vinatosha. Kuchemsha kila siku ni kuteketeza mkaa bure. Kuchemsha kunafaa mtoto anapokuwa na fangasi, au pale kuna ugonjwa wa kuhara nyumbani.

Hatari nyingine hufichwa sandukuni. Nepi za mtoto wa kwanza huwekwa akiba kwa ajili ya wa pili, na ili wadudu wasizile, hutiwa vile vidonge vyeupe vya naftalini. Kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, mvuke wa naftalini na mabaki yake kwenye nguo huweza kuzivunja chembe nyekundu za damu. Mtoto hugeuka manjano, hupungukiwa damu, na manjano ikizidi huweza kuharibu ubongo. Upungufu huu hurithiwa, huwapata zaidi watoto wa kiume, na umeenea katika maeneo ambayo malaria ilitawala kwa karne nyingi. Pwani ya Afrika Mashariki imo, na Oman imo. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao hadi atakapougua. Nepi na zihifadhiwe zikiwa kavu kabisa katika mfuko uliofungwa, pasipo vidonge hivyo, na zifuliwe upya kabla ya mtoto kuzaliwa.

Jua, kamba na nzi wa maembe

Jua la saa sita ni msaidizi asiyelipwa. Hukausha, hupausha madoa, na mwanga wake huua vijidudu vingi. Nepi zianikwe kwenye kamba, zikiwa zimekunjuliwa kikamilifu, na zisitandazwe juu ya majani wala mchanga.

Sababu ya onyo hilo ni nzi wa maembe, anayepatikana katika sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki, zikiwamo nchi za Afrika Mashariki na Congo. Jike hupenda kivuli na unyevu, na huvutiwa na harufu ya mkojo na jasho. Hutaga mayai kwenye mchanga, au kwenye nguo yenye unyevu iliyoanikwa nje kivulini. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na funza wadogo mno hungoja joto la ngozi ili wapenye. Kinachoonekana kwa mtoto ni jipu lenye tundu dogo katikati.

Joto la pasi huwaua mayai na funza. Anayefulia maeneo yenye nzi huyu na apige pasi kila nepi, pande zote mbili, bila kuruka pindo. Asiye na pasi aanike juani hasa, na kuzianua nepi kabla ya jioni, au azianike ndani. Wakati wa masika, nepi zinapokataa kukauka kwa siku mbili, pasi ya mkaa humalizia kazi. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa ili kukaushia nguo: gesi yake haina harufu na huua watu usingizini.

Wasomaji walioko ughaibuni wana taabu ya aina nyingine. Mashine za kisasa za kufulia huokoa maji mno, na nepi hutoka zikiwa bado na sabuni. Dawa yake ni kupunguza sabuni na kuongeza mzunguko mmoja wa kusuuza. Kilainisha nguo hakifai, kwa maana huzivika nyuzi utando unaozuia kunyonya. Walioko Muscat wana jua la kuwatosha na kubakiza. Wa London wakianika ndani wafungue dirisha, ukuta usije ukaota kuvu.

Ngozi ya mtoto yenyewe

Ukweli usemwe: nepi ya kitambaa huilowesha ngozi zaidi kuliko pampasi nzuri. Faida ya pampasi hupotea inapoachwa tangu jioni hadi asubuhi ya pili kwa kuwa ni ghali, na hilo ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi. Kitambaa kinachobadilishwa kila baada ya saa mbili au tatu, na mara moja mtoto anapojisaidia, kitamhifadhi vizuri zaidi. Usiku wekeni kunjo mbili. Chupi ya plastiki juu ya nepi huokoa shuka na kuichemsha ngozi, hivyo iachwe kwa safari tu.

Mtoto aoshwe kwa maji matupu ya vuguvugu na kitambaa laini, akaushwe kwa kubonyezwa pasipo kusuguliwa, kisha alazwe juu ya kanga bila nepi kwa dakika kumi au zaidi, mara kadhaa kwa siku. Wekundu ukianza, marhamu ya zinki au mafuta ya mgando yapakwe kwa wingi, na wakati wa kubadilisha yasifutwe yote. Kinachoondolewa ni kinyesi kilicho juu yake. Poda haiponyi vipele, na vumbi lake huingia katika mapafu.

Vipele vya kawaida hukaa mahali nepi inapogusa na huacha mikunjo ya kinena. Vikiingia ndani ya mikunjo, vikawa vyekundu sana na kuzungukwa na vidoadoa pembeni, au visipopungua baada ya siku tatu za uangalizi mzuri, yaelekea ni fangasi aitwaye kandida. Mara nyingi mtoto huwa pia na utando mweupe mdomoni. Huyu anahitaji dawa ya fangasi kutoka zahanati. Jihadharini na zile krimu zenye dawa tatu kwa pamoja zinazouzwa madukani, kwani nyingi zina steroidi kali, na chini ya nepi steroidi hupenya mwilini kupita kiasi.

Malengelenge, usaha, homa, vidonda vinavyotoa damu, au vipele vyovyote vikali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwezi mmoja ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Mzazi achukue pia kopo au kijisanduku cha kila alichokwisha kumpaka mtoto, ili daktari akione.